Mlangoni pa Fremu ya Marehemu Longinus

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri, lakini kabla sijasimulia acha kwanza niwataje waliokuwepo, maana ukimwacha mtu mmoja katika habari hii, habari yenyewe inapinda. Nilikuwepo mimi, Otilia Komba, mzaliwa wa Madaba, mkazi wa Matogoro tangu nilipoolewa. Alikuwepo binti yangu Skolastika, tunayemwita Skola, mkulima wa mahindi. Alikuwepo binti yake, mjukuu wangu Imelda, fundi cherehani, na habari hii ni yake zaidi kuliko yangu. Alikuwepo Filbert Mapunda, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Longinus, yeye ndiye aliyeshika funguo. Alikuwepo Zuberi, dalali, Myao wa Tunduru, kijana mwenye maneno laini na viatu vinavyong'aa. Na pembeni, kwenye baraza ya jirani, alikuwepo Mzee Kalinga, fundi baiskeli, Mhehe wa Iringa, kwa hiyo mtani wetu sisi Wangoni.

Hao ndio waliokuwepo tangu mwanzo, mmoja alifika baadaye. Ambaye hakuwepo ni Gaudensia, mdogo wake Filbert, aliyeolewa Mbinga. Lishike jina hilo, nitalirudia.

Tulikuwa mtaa wa Bombambili, mbele ya nyumba ya marehemu Longinus. Nyumba yenyewe iko nyuma, na mbele kuna fremu za biashara zinazotazama barabara. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wakati upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro unakuingia mpaka kwenye meno, na watu wa baiskeli wanapita wamejifunga vitenge kichwani kama kina mama. Mahindi yalikuwa yameanza kununuliwa. Kila mtu alikuwa na pilika.

Nikwambie kwanza kwa nini tulikuwa pale. Imelda alikuwa anashona kwenye baraza ya duka la mtu. Si fremu, ni baraza. Cherehani moja, kiti, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Mvua ikianza kunyesha upepo unageuka, maji yanaingia mpaka kwenye pedeli. Mwenye duka akileta mzigo anamwambia, "Fundi, sogea kidogo," na hicho kidogo kinamfikisha barabarani. Mwaka uliotangulia gari la mchanga lilipita likarusha tope kwenye gauni la bibi harusi lililokuwa limetundikwa, la kesho yake. Imelda alilifua, akalianika juu ya moto wa mkaa, akalipiga pasi, na bibi harusi akaolewa bila kujua. Lakini mtoto alikuja kwangu akaniambia, "Bibi, nimechoka kuhamishwa kama kigoda."

Neno hilo lilimchoma mama yake. Skola aliuza mahindi yake mapema, kabla bei haijapanda, akaacha ya kula tu. Pesa yote aliitenga ya fremu ya Imelda, maana unajua siku hizi mwenye fremu hataki mambo ya mwezi mwezi, anataka kodi ya mwaka mzima mkononi ndipo akupe ufunguo. Kwa hiyo ile pochi aliyoishika Skola siku ile kifuani, chini ya kitenge, ilikuwa na shamba zima ndani yake. Ikipotea, hakuna mbegu, hakuna mbolea, hakuna cherehani ya pili, na Imelda anarudi kwenye baraza ya mtu. Nataka ulijue hilo ndipo uelewe kwa nini nilifanya nilichofanya.

Fremu yenyewe ilikuwa nzuri. Sitasema uongo. Milango miwili ya chuma, sakafu ya saruji iliyolainishwa, dirisha kubwa la kioo, umeme wenye mita yake peke yake. Imelda aliingia akatoa futi yake ya ushonaji mfukoni akaanza kupima ukutani, hapa cherehani, hapa meza ya kukatia, hapa kioo cha wateja kujitazama. Alikuwa anapima huku anatabasamu mwenyewe. Sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo tangu alipopokea kipaimara.

Filbert alisimama mlangoni anachezea funguo. "Jamani, mimi nataka jibu leo," alisema. "Kuna kijana wa vifaa vya simu, anaitwa Daudi, yuko njiani. Akifika na pesa yake nampa. Sitaki lawama."

Zuberi akadakia. "Bibi, shikamoo tena. Wallahi nakwambia kweli, fremu kama hii Bombambili haikai siku mbili. Mimi nimemzuia Daudi asubuhi yote kwa ajili ya huyu dada. Nimemdanganya mpaka nimetubu."

"Marahaba," nikamjibu. "Kama umetubu, usirudie."

Walicheka. Mzee Kalinga naye akacheka kule kwenye baraza yake, akiwa ameshika tairi la baiskeli ndani ya beseni la maji anatafuta pancha.

"Kamwene, Wangoni," akatusalimu. "Babu zenu walitembea kwa miguu kutoka kusini kule mbali wanatafuta pa kukaa, na nyie wajukuu mpaka leo bado mnatafuta fremu. Mtapumzika lini?"

Skola hakumwachia. "Nyie Wahehe mlikuta mawe mkadhani ni nyumba, ndiyo maana hamkutembea."

"Sawa, lakini jiwe halina mwenye nyumba. Nyie hapo mnamhamisha mzee wa watu hata kitanda hakijapoa. Mwacheni kwanza Longinus alale."

Tukacheka tena. Ni mtani, atasema nini kingine? Mtani akikukuta kwenye furaha anakutia kasoro, akikukuta kwenye msiba anacheza ngoma. Wewe uliyekulia na simu pengine hujayaona haya, basi nikueleze kidogo. Kwetu mtu akifa, watani wanakuja msibani na wana ruhusa ambayo sisi wenye msiba hatuna. Wanaweza kujilaza kaburini wakakataa kutoka mpaka wapewe kitu. Wanaweza kuchukua kofia ya marehemu au fimbo yake wakaondoka nayo. Na siku ya kuanua tanga, ile siku ukoo unakaa kumaliza msiba na kusema nani atasimamia mali ya marehemu, watani ndio wanarudisha kile walichochukua, kikishakombolewa. Mpaka siku hiyo, mali ya marehemu imesimama. Haina wa kuigawa.

Mwanangu, mimi haya nilikuwa nayajua. Skola alikuwa anayajua. Filbert alikuwa anayajua kuliko sote. Lakini Mzee Longinus alikuwa amezikwa tangu mwezi wa tano, watu tumerudi kwenye mashamba yetu, mahindi yamekauka tumevuna, na katika pilika hizo hakuna aliyeuliza, hivi tanga la Longinus limeanuliwa? Unaona nyumba imefagiliwa, mtoto wake mkubwa ana funguo, unafikiri mambo yamekwisha.

Imelda akachungulia mlangoni akamwambia mama yake, "Mama, mimi nimeridhika. Tulipe."

Skola akaanza kufungua kitenge.

Hapo Mzee Kalinga akaweka tairi chini. Akafuta mikono kwenye ovaroli. Akachukua kigoda chake, kile kidogo cha miguu mitatu anachokalia kutengeneza baiskeli, akaja nacho mpaka kwenye mlango wa fremu, akakiweka katikati ya kizingiti, akakaa.

"Imelda, mke wangu," akasema, maana watani hivyo ndivyo wanavyowaita mabinti zetu, "mimi hapa sitoki. Koti la mwenye nyumba liko kwangu, nimelitundika nyuma ya mlango. Nani amelikomboa? Huwezi kumlipa kodi mtu ambaye koti la baba yake liko kwa Mhehe."

Zuberi akacheka peke yake. Filbert akasema, "Mzee, acha utani wako, tuko kwenye kazi."

Na Kalinga hakucheka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimewahi kuwa mahali kama pale.

Nilikuwa msichana Madaba, bado sijaolewa. Shangazi yangu Kaselia, dada yake baba, alikuwa anatafuta kibanda cha kuuzia chai na maandazi kando ya barabara ya Njombe, pale magari yanaposimama kupoza injini. Palikuwa na kibanda kizuri, cha mtu anaitwa Osmund, ambaye alikuwa amefariki. Ndugu yake alikuwa anakipangisha. Tulipokwenda kukiona tulimkuta mama mmoja wa Kibena, Sekunda, mtani wetu, ameketi mlangoni anasuka ukili. Akatuambia, "Nimemkalia Osmund, asiamke." Mimi nikaona ni mchezo, nikachota maji kwenye ndoo nikammwagia miguuni, kama tulivyozoea kufanyiana. Yeye hakunirudishia. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Nimemkalia." Shangazi Kaselia akanishika mkono, akaninyang'anya kata ya maji.

"Otilia," akaniambia, "mtani akicheka, cheka naye. Lakini huyu humwoni uso? Leo hachezi. Amesema linalowashinda ndugu kusema. Nenda kamfute miguu."

Nikapiga magoti nikamfuta miguu kwa khanga yangu, huku nikiona aibu. Shangazi hakukichukua kibanda. Mama mwingine alikichukua, Mama Kostansia, na sisi tukachukua upande wa pili wa barabara, penye mteremko, ambako ilibidi tuchimbe ndipo meza ikae sawa. Haukupita muda, ndugu wengine wa Osmund walikuja na mapanga, wakang'oa nguzo za kibanda kile moja baada ya moja. Niliwaona kwa macho yangu. Sufuria ya chai ya Mama Kostansia ilikuwa bado jikoni inachemka, na paa halipo tena.

Sasa nimesimama Bombambili, mwanamke mzee, na ile sufuria naiona.

Nikamuuliza Filbert, "Baba, Gaudensia yuko wapi?"

"Gaudensia yuko kwake Mbinga. Kwani vipi?"

"Anajua kama unapangisha?"

"Bibi, mambo ya ukoo wetu tuachie wenyewe."

"Nakuachia. Nauliza tu. Mpigie basi hapa, tumsalimie."

Akasema simu yake haipatikani. Hakuwa ameitoa hata hiyo simu mfukoni. Nikamtazama Zuberi, Zuberi akatazama viatu vyake.

Mwanangu, usifikiri nilikuwa na uhakika. Sikuwa nao. Filbert nilimjua tangu akibebwa mgongoni, babu yake na babu wa mume wangu walikuwa ndugu. Hakuwa mwizi. Na Kalinga ni mtu wa mzaha, angeweza kabisa kuwa anataka tu apewe hela ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nikipiga kelele nikakosea, nimemvunjia mtoto wa watu heshima barabarani, na nimemnyima mjukuu wangu fremu aliyoiota. Nikinyamaza, shamba la Skola linaondoka.

Basi sikupiga kelele. Nilikwenda nikakaa chini pale kizingitini, ubavuni mwa kigoda cha Kalinga, nikanyoosha miguu yangu kukata mlango.

Unajua maana yake. Hakuna mtoto aliyelelewa anayeweza kumruka bibi yake miguu.

Imelda alikuwa ndani bado, futi mkononi. Akaja mpaka miguuni kwangu akasimama. "Bibi, inuka," akasema.

"Subirini tanga lianuliwe. Kama fremu ni ya Filbert leo, itakuwa yake na siku hiyo."

"Siku hiyo Daudi atakuwa ameshaingia. Bibi, hivi unajua mimi nimekaa kwenye ile baraza muda gani? Unajua wanavyoniita? Fundi wa nje. Bibi, tafadhali inuka."

"Siinuki."

"Mama, mwambie."

Skola alikuwa amesimama nje, kitenge nusu kimefunguka. Alinitazama, akamtazama mwanawe. Nilimwona anatafuna mdomo. Kisha akakifunga kitenge, polepole, akakaza fundo.

Kalinga akanong'ona, "Mngoni, umeleta makalio yako kwenye ofisi yangu bila ruhusa."

"Nyamaza," nikamwambia. "Kama umenidanganya, nitakuzika na hilo koti."

Ndipo Daudi akafika kwa bodaboda. Kijana wa Njombe, mstaarabu, akatusalimu wote shikamoo. Filbert hakusema naye pale mbele. Alimshika bega wakazunguka nyuma, maana fremu zile zina mlango wa uani. Nikiwa nimekaa palepale kwenye kizingiti, mgongo wangu ukiwa kwenye baridi ya chuma, niliwasikia wakiingia kwa nyuma yangu, nikasikia Daudi akigonga ukuta kwa ngumi kuujaribu, nikasikia karatasi, nikasikia Filbert akisema, "Hongera, kijana wangu." Imelda alisikia vilevile. Alikuwa humo humo ndani. Aliwapisha, akatokea uani, akaondoka kwa njia ya nyuma ili asinione.

Zuberi alinisaidia kuinuka. Akasema, "Bibi, Mungu akusamehe." Sikujua alikuwa ananikejeli ama ananiombea kweli.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Imelda alirudi kwenye baraza yake. Alikuwa akipita njia ya nyumbani kwangu bila kuingia, na shikamoo yake akawa ananitumia kwa mama yake, kama mtu anayetuma kifurushi. Skola hakunilaumu, lakini kila akisikia bei ya mahindi imepanda anachukua ufagio anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kanisani nilipiga magoti nikashindwa hata kujua niombe nini. Nikiomba niwe sahihi, ninauombea ukoo wa Mapunda ugomvi. Nikiomba wapatane, ninaomba mjukuu wangu awe amepoteza fremu bure. Mwisho nikasema tu Baba Yetu, nikaondoka.

Siku ya tanga ikafika. Nilikwenda, kwa kuwa ni ndugu zetu. Kalinga alikuja amevaa lile koti la Longinus, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni, anatembea kama Longinus alivyokuwa akitembea, kidole gumba ndani ya mkanda, anakohoa kama yeye, anawauliza watu, "Mahindi yangu mmeyauza bei gani, wezi nyie?" Watu walicheka mpaka wakalia, na wengine walikuwa wanalia kweli. Koti likakombolewa kwa kuku na debe la ulanzi, akalivua, akalikunja, akalikabidhi. Hakumpa Filbert. Alimpa Gaudensia.

Gaudensia alikuwa amefika asubuhi na baba yao mdogo. Ndipo maneno yakatoka. Kwamba Filbert alikuwa ameambiwa siku ya mazishi, mbele ya wazee, asiguse chochote mpaka ukoo ukae. Kwamba ukoo sasa unamteua Gaudensia awe msimamizi wa mirathi, na jina lake lipelekwe mahakama ya mwanzo lithibitishwe. Kwamba fremu zote zifungwe mpaka hapo, na mpangaji aliyeingia baada ya msiba ukoo haumtambui. Filbert aliinamisha kichwa. Pesa ya Daudi alikuwa ameshaipeleka kwenye shamba lake la tumbaku huko Namtumbo. Sikufurahi, mwanangu. Nilimwona mtoto niliyemjua akiwa mgongoni mwa mama yake anapungua mbele ya watu, nikatamani kuondoka.

Baba mdogo akaenda na kufuli yake akaiweka juu ya kufuli ya Daudi. Vioo vya simu, chaja, spika, vyote ndani. Kijana wa watu alikuwa anakuja kila asubuhi anakaa kwa Kalinga anatazama kufuli mbili. Kesi ya mirathi ikapigwa tarehe, na tarehe ikapigwa tena. Mvua zikaanza, yeye bado anakuja.

Imelda alipita pale akaziona kufuli hizo. Najua alipita, kwa sababu jioni ile alikuja kwangu. Aliingia, akatoa futi mfukoni, akasema, "Bibi, shikamoo. Simama nikupime."

"Unipime nini?"

"Gauni. Lako la kanisani limeisha mgongoni."

Nikasimama. Akanipima mabega, kiuno, urefu, anaandika kwenye kiganja chake. Alipofika miguuni akapiga magoti apime mpaka kwenye kifundo, akakaa pale chini muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa kupima. Nikamwekea mkono kichwani.

Fremu tukaipata baadaye, na safari hii tulitafuta kwa jicho la Shangazi Kaselia, la kutazama watu kabla ya ukuta. Hatukwenda na dalali mchana wa jua tukatazama sakafu. Tulikwenda tukakaa. Asubuhi tukakaa, mvua ikinyesha tukaenda kuona maji yanapita wapi. Tukanunua karanga kwa jirani tukamuuliza aliyekuwa humo kabla alihama kwa nini. Ni fremu ndogo, iko kwenye njia ya ndani, haina kioo, na mbele yake kuna mashine ya kusaga. Imelda alipoiona alikunja uso, unga unaruka. Lakini tukakaa, na tukaona kina mama wanaleta mahindi, wanapanga ndoo zao kwenye foleni, halafu hawana la kufanya mpaka zamu ifike. Wanakaa. Wanatazama huku na huku. Skola akasema, "Hawa wote wana sare za watoto za kushona." Na mwenye fremu alikuwa hai, Mzee Benitho, alikuja kupatana nasi akiwa na mkewe na mtoto wao mkubwa, mbele ya mjumbe wa mtaa, hakuna aliyeulizwa yuko wapi. Leo Imelda ana cherehani tatu na wasichana wawili anaowafundisha, na pazia jepesi mlangoni la kuzuia unga.

Basi, mwanangu, unayetafuta pa kufungulia kazi yako, nakuambia hivi. Usiipende fremu kabla hujawajua watu wake. Ukuta unaweza kuupaka rangi na sakafu unaweza kuisakafia upya, lakini ugomvi wa ndugu huwezi kuuhamisha ukishaingiza vitu vyako ndani. Uliza ni ya nani, uliza yuko hai, na kama amefariki uliza tanga lilianuliwa lini, nani amekubaliwa na ukoo na mahakama kuisimamia. Uliza mbele ya wenyewe, na utazame nani anatazama viatu. Anayekuharakisha ana sababu yake, na sababu hiyo si wewe. Kaa mahali pale mpaka miguu ife ganzi, uone wanaopita na hasa wanaosimama, maana anayepita mbio kwa baiskeli haoni nguo zako hata ukizitundika za dhahabu. Msalimie jirani, hata kama mikono yake ina grisi. Na mtu anayekutania kila siku akiacha kucheka, acha na wewe.

Na ukinyimwa kitu ulichokitaka sana na mtu anayekupenda, kasirika, ni haki yako. Lakini shikamoo yake usiitume kwa mtu. Ipeleke mwenyewe.

Mungu akupe mlango ambao hakuna atakayekuja kuufunga juu ya kufuli yako. Akupe jirani wa kweli na mteja mwenye subira. Kazi ya mikono yako isinyeshewe. Na siku ukipata, mkumbuke aliyeuza mahindi yake kabla ya bei.

Nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, na majina sidhani kama nimekosea, lakini uzee ni uzee. Gaudensia, kama si wewe uliyepewa koti bali ni baba yako mdogo, niambie. Zuberi, kama viatu vyako siku ile vilikuwa vichafu, nisahihishe. Liko jambo moja tu ambalo bado tunabishana nyumbani. Imelda anashikilia kwamba Mzee Kalinga alipokaa pale mlangoni alikuwa anacheka, tena sana, na kwamba mimi niliona nilichotaka kuona. Mimi nasema hakucheka. Nilimwendea mwenyewe nikamuuliza. Akaendelea kuzungusha tairi ndani ya beseni, akaniambia, "Mngoni, lete kuku kwanza, ndipo nikwambie." Sasa kama kuna mtu alipita barabarani siku ile, akauona uso wake, tafadhali anijulishe.